Shujaa wa kike wa katuni anayetia moyo, maana yake nini hasa?

Juzi nilikuwa Tabata kwa dada angu, bintiye ana miaka saba na flashi yake imejaa katuni za mabinti wafalme, tukawa tunaangalia ile ya Aurora ya mwaka 1959, binti anayechomwa kidole halafu anapitiwa na usingizi, akanigeukia akaniuliza, mamdogo, mbona huyu amelala tu? Nikajikuta nafikiria, maana lile ndo swali lenyewe. Yani amelala, mwanaume anapigana na joka, anakuja kuamshwa, hadithi imeisha. Binti mzuri, sauti nzuri, lakini mtoto kaona kuna kitu hakipo.

Sasa, tukisema mhusika anatia moyo hatusemi kwamba anapendeza, wala hatusemi tunamwonea huruma. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanavichanganya. Unaweza ukamlilia mhusika mwanzo mwisho na usichukue chochote kwake. Anayetia moyo ni yule ambaye ukishamwangalia, siku na wewe umebanwa, unamkumbuka, unasema yule naye alikuwa anaogopa kama mimi na akaenda. Kwa hiyo kinachotafutwa ni uamuzi. Kuna kitu anakitaka yeye mwenyewe, hajatumwa na mtu, anafika mahali njia rahisi ipo na njia ngumu ipo, anachagua ngumu huku anajua itamgharimu. Upanga sio lazima. Kuna watu wanadhani ukimpa binti upanga na maneno makali basi tayari umetengeneza shujaa, mi sikubaliani, kama hana cha kupoteza upanga wake ni pambo tu kama gauni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Tiana, wa mwaka 2009, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Hadithi yake wameiweka New Orleans, Marekani, miaka ya 1920, na sehemu ya huyo mhusika ilitokana na mwanamke wa kweli kabisa, Leah Chase, mpishi maarufu wa huko New Orleans aliyefariki 2019. Tiana ni mhudumu wa mgahawa, anapiga kazi mbili, hela za bakshishi anazitia kwenye makopo, ndoto yake ni kufungua mgahawa aliokuwa anauota na marehemu baba yake. Ukikaa Dar huyu humuoni mgeni hata kidogo, ni binti mwenye kibubu chini ya kitanda anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko la mkaa. Halafu siku anadhani mambo yameiva, madalali wa jengo analolitaka wanamwambia kuna mtu kaja na hela yote taslimu, na wanamwambia kabisa kwamba mwanamke wa hali yake hata hivyo asingeiweza biashara kubwa vile. Hapo pananiuma kila nikipaona.

Ila uhodari wake mi siuoni kwenye kufanya kazi sana, maana wanaofanya kazi sana wako wengi. Nauona mwishoni, wakati huo uchawi umeshamgeuza chura, na mganga mwenye uchawi huo anamwonyesha mgahawa umekamilika, taa zinawaka, watu wamejaa, na yeye atarudi kuwa binadamu, anatakiwa tu amrudishie hirizi yake ya uchawi iliyoko mikononi mwa Tiana. Anaivunja. Kile kitu alichokitafuta maisha yake yote anakiacha kwa sababu bei yake ni mtu mwingine. Wapo wanaolalamika kwamba binti mweusi wa kwanza kapewa filamu halafu muda mwingi ni chura, na lalamiko lina haki, watoto wetu walistahili kuiona sura yake muda mrefu zaidi.

Wengine nawapitia harakaharaka. Belle wa 1991, filamu ambayo mswada wake aliuandika Linda Woolverton, anajitolea kufungwa ili baba yake aachiwe. Mulan wa 1998 anachukua nafasi ya baba yake jeshini. Rapunzel wa 2010 amefungiwa mnarani tangu mdogo na siku ya kwanza kutoka analia na kucheka hapohapo, na ile hofu yake ndo inayomfanya aaminike.

Cinderella huwa anaonewa kwenye mijadala hii, watu wanasema alikuwa anasubiri tu kuokolewa. Mtazame vizuri lakini, ni dada wa kazi asiyelipwa, yatima, kwenye nyumba ya watu. Kwenye filamu ya 1950 mama wa kambo anafanya makusudi kile kiatu cha kioo kivunjike, na Cinderella anatoa mfukoni kingine alichokuwa amekitunza. Hajapiga kelele. Kwa mtu wa hali yake kile ni kitendo kikubwa, na kila nyumba hapa mjini yenye dada wa kazi anayeangalia katuni na watoto jioni, mi naamini yeye anaielewa ile sehemu kuliko wote sebuleni.

Na tusijifanye hivi vitu vimekuja na flashi. Bibi zetu wa pwani walitusimulia msichana aliyerudi peke yake ufukweni kufuata kombe lake, wenzake wamekataa kumsindikiza, zimwi likamkamata likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini, ngoma ikipigwa yeye anaimba, mpaka walipofika kwao wazazi wake wakaijua sauti. Gizani mle hana kitu kingine ila sauti, na anaitumia.

Kwa hiyo sasa nikiangalia na mtoto nasimamisha pale penye uamuzi, namuuliza, hapa angefanya nini angebaki salama? Tulisimamisha kwenye ile ya barafu ya 2013, Frozen, binti anayeitwa Anna anaganda, mwanaume anayempenda anamkimbilia, na upande wa pili dada yake anataka kukatwa upanga. Akafikiria muda, akasema angemkimbilia yule kaka. Nikamwambia haya, bonyeza. Anna akageuka kwa dada yake, na mtoto akasimama kwenye kochi.