Kukataa kusaini hakufuti samansi

"Mimi sijasaini, kwa hivyo hujanipatia kitu." Kazi yangu ni kufikisha samansi, yaani hati ya mahakama inayomwita mtu ajibu kesi, na wiki hii nimeambiwa hivyo tena, mara hii na mwenye duka kule Gikomba, Nairobi, mikono kaificha mgongoni. Imani hii inapotezea watu mali.

Agizo la 5 la Kanuni za Kesi za Madai za Kenya za 2010 linasema samansi hufikishwa kwa kukabidhiwa mtu au kwa kunyooshewa aipokee. Nikikunyooshea ukakataa, naandika hivyo kwenye hati ya kiapo na kuiwasilisha mahakamani Milimani. Mahakama ikiridhika kwamba ulikataa kusaini, inaweza kutangaza kuwa samansi ilikufikia kihalali. Siku za kujibu zinakwisha, hukumu inatolewa bila wewe kusikizwa, kisha dalali wa mahakama anakuja kupakia makochi yako.

Kinachopimwa hasa ni nilijuaje kwamba ni wewe. Kiapo kieleze saa, namna nilivyokabidhi, na kama kuna aliyenionyesha, jina lake na anwani yake. Hapa ndipo viapo vingi huanguka. "Nilimkuta mdaiwa dukani." Ulimjuaje? Kwenye kibanda ambamo kila mtu anapokea pesa za wateja, mwenyewe ni yupi? Mimi huuliza jirani, naandika jina la huyo jirani, kisha naita jina la mdaiwa kwa sauti nione nani anageuka.

Jamaa mtu mzima anaweza kupokea kwa niaba yako, lakini baada ya kukutafuta vya kutosha, na awe anaishi nawe. Askari wa getini si jamaa.

WhatsApp imeruhusiwa tangu 2020, kwa nambari ya mwisho inayojulikana. Mimi huitumia, ila moyo haujatulia: alama za kufika zinathibitisha simu imepokea, hazisemi iko mkononi mwa nani.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Tangu kesi ya Shadrack arap Baiywo dhidi ya Bodi Bach, 1987, kiapo chetu huchukuliwa kuwa kweli hadi anayekipinga athibitishe vinginevyo. Na wapo wanaoapa walifika mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Kwa hivyo kama kweli hukupokea, achana na habari ya sahihi. Omba mahakama iniite nihojiwe. Ikibainika samansi haikukufikia, hukumu ile kuondolewa ni haki yako. Uanze kwa kuniuliza: nani alikuonyesha kwamba ni mimi?