Je, wajua kwa nini saa tatu za falsafa zina kredi tatu, na saa tatu za michezo zina kredi moja tu?

Mwanafunzi wa Bukavu anayefungua programu ya chuo kikuu cha Kikristo cha Marekani, ili aone shahada ya kwanza inadai nini, hukutana na jambo la kushangaza kwenye masomo ya lazima kwa wote. Falsafa: saa tatu kwa wiki, kredi tatu. Michezo ya viungo, ile tunayoiita jimu: saa mbili au tatu kwa wiki, kredi moja. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kwa Wakristo roho ni bora kuliko mwili, basi somo la akili limepewa heshima mara tatu ya somo la jasho.

Jibu hilo linapendwa hata na watu waliosoma sana, lakini si sahihi. Vyuo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa mbele kuuingiza mwili katika ratiba. Amherst College, iliyoanzishwa mwaka 1821 ikiwa na nia ya kuandaa wachungaji, ilikuwa ya kwanza Marekani kuwa na idara ya elimu ya viungo, na tangu mwaka 1861 idara hiyo iliongozwa na daktari, Edward Hitchcock. Mpira wa kikapu wenyewe ulibuniwa Desemba 1891 katika shule ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield na James Naismith, mwalimu wa michezo aliyekuwa amesomea teolojia. Watu wanaodharau mwili hawafanyi hivyo.

Kosa lina mzizi mwingine hapa kwetu Kongo. Waliozoea ponderasio (uzito wa kila kozi), ambapo kote, yaani alama, ya kozi nzito huzidishwa zaidi siku ya deliberasio, kikao cha kuamua matokeo, huisoma kredi kana kwamba ni kipimo cha umuhimu. Ni kweli kredi huingia katika hesabu ya wastani, huku na huko. Lakini hayo ni matumizi yake. Kredi haikuundwa ili kupima heshima ya somo. Inapima kazi ya mwanafunzi, na kazi yote, hata ile ambayo profesa haioni.

Mfikirie fundi cherehani wa soko la Kadutu. Unampelekea kitenge, anakupima kwa dakika kumi, unarudi kujaribisha kwa dakika kumi nyingine. Ukimlipa kwa dakika ishirini mlizoonana, utakuwa umemdhulumu, maana kukata, kushona na kupiga pasi vilifanyika wewe ukiwa nyumbani. Sasa mfikirie kinyozi. Unakaa kitini, ananyoa, unaondoka, na kazi imekwisha pale pale. Hakuna nywele zako alizobaki nazo azinyoe usiku. Falsafa ni fundi cherehani: saa moja darasani huacha nyuma yake kurasa za kusoma, hoja za kupanga na insha ya kuandika. Jimu ni kinyozi: ukitoka uwanjani na kuoga, hudaiwi kitu.

Kanuni ya serikali ya Marekani inasema kredi moja ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi ya nje kila wiki, kwa wiki kama 15. Hiyo ni 15 kujumlisha 30, yaani saa 45. Falsafa ya kredi tatu basi ni saa 135: 45 darasani na 90 mezani kwako. Michezo isiyo na kazi ya nyumbani inabidi ijaze kredi yake uwanjani peke yake, ndiyo sababu saa tatu za wiki huzaa kredi moja. Vyuo vingi hukubali hata saa mbili, kwa hiyo hesabu hapa si kali. Lakini angalia kozi ya afya na mwili yenye kitabu, TP (kazi za vitendo) na mtihani: hiyo hupewa kredi mbili au tatu, ingawa ni idara ile ile ya michezo.

Hapo ndipo jambo linapopendeza zaidi kwa msomaji wa Kongo. Katika LMD yetu, mfumo wa Licence, Master na Doctorat, kredi moja ni saa 25, na kwa kawaida 15 ni za darasani na 10 ni za TPE, kazi binafsi ya mwanafunzi. Saa za darasani zinalingana kabisa na za Marekani! Tofauti yote iko nyumbani: 10 kwetu, 30 kwao. Licence yetu, yaani shahada ya kwanza, ya kredi 180 ina saa 2,700 za darasani, na shahada yao ya kredi 120 ina 1,800. Ukihesabu kazi yote mambo yanageuka: 4,500 kwetu kwa miaka mitatu, 5,400 kwao kwa minne. Wakaguzi wengi huangalia mwaka tu, ambao una kredi 60 kwetu na 30 kwao, basi hugawanya kredi za aina yetu kwa mbili, na 180 zikawa 90. Uamuzi wa mwisho ni wa kila chuo.

Makosa yanayowagharimu watu ni haya. Kwanza, kukosa jimu. Insha ya falsafa unaweza kuikamilisha usiku, lakini kazi ya jimu ni kuwepo, kwa hiyo utoro wa mara chache unatosha kukuangusha. Pili, kurudia mchezo uleule ukitumaini kredi zitajumlishwa. Vyuo vingi vina kikomo cha kredi za michezo zinazohesabiwa kwenye shahada. Tatu, kupanga wiki kwa saa za darasa tu. Kredi 15 za muhula zinaonekana kama saa 15 kwa wiki, kumbe ni 45.

Na kwa anayehamisha masomo: releve (karatasi ya matokeo) ya zamani iliyoandikwa “45 h” bila kredi haionyeshi kazi ya nyumbani hata kidogo. Ombeni fakilte mpango wa kozi unaotaja kazi na masomo ya nje, na uwe wa mwaka mliosoma ninyi, kwa sababu saa za kozi hubadilika programu inapobadilishwa, na mkaguzi atalinganisha tarehe.