Saruji haiongezi umri wa jiko

Ukinunua jiko la mkaa lenye udongo ndani hapa Kirumba, Mwanza, hukosi mtu wa kukwambia: "Lipake saruji kwanza, litadumu." Ushauri huu ni wa siku nyingi, na una sura ya ukweli, maana saruji ndiyo inayoshika kuta za nyumba zetu. Hata mimi niliwahi kulipaka langu.

Ila ukuta haukai motoni. Mkaa uliokolea hupita nyuzi 700 za Selsiasi. Saruji ikifika kama 450, chokaa iliyomo huachia maji yake na mshiko hulegea. Jiko likipoa, chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa, ambao huku ziwani haukosekani, ikavimba na kumomonyoka. Tena saruji na udongo havitanuki sawa. Ndiyo ile mistari myembamba unayoiona baada ya kukaanga sato mara chache. Kisha ganda linabanduka, pengine na kipande cha udongo wenyewe. Ganda nene, ndiyo kwanza hubanduka mapema.

Ufa ukitokea, ziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na vigae vya chungu vilivyosagwa, uuache ukauke kivulini kabla ya kuwasha.