Kabla ya Kumwita Fundi, Pimeni Njia ya Kwenda Chooni

Siku hizi malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha utengamao, yaani cha kumsaidia mgonjwa ajimudu tena, yamebadilika sura. Zamani watu walilalamika kwamba nyumba haina njia mteremko, ile ya kupandishia kiti mwendo badala ya ngazi. Sasa njia ipo, na mgonjwa bado hatoki ndani. Tumekwenda kuziangalia, na nyingi zimejengwa kwa kukadiria kwa macho.

Hesabu yake ni nyepesi: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180. Baraza la sentimita 45 linataka mita 5 na sentimita 40. Hivi karibuni nilisimama mbele ya baraza la kimo hicho lililowekewa mteremko wa mita moja na nusu. Mama mwenye nyumba alimsukuma mumewe hadi katikati, mikono ikaanza kumtetemeka, na mzee akakamata nguzo ili kiti mwendo kisirudi nyuma. Saruji ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu uso wa mteremko unatakiwa ukwaruze. Upana usipungue sentimita 90, kingo ziinuliwe gurudumu lisitumbukie, na mbele ya mlango pawe tambarare kwa kama mita moja na nusu, mtu apate pa kutulia anapofungua.

Lakini jamani, kurekebisha nyumba si mteremko tu. Wengi tunaowahudumia wanatembea, kwa mkongojo au kwa kushika kuta, na hatari yao kubwa iko ndani, usiku, kati ya kitanda na choo. Ndiyo maana mkaguzi wetu humwomba mhusika ajilaze, kisha aamke aende chooni kama anavyokwenda kila usiku. Tunamfuata nyuma bila kusema. Kila anapoweka mkono tunatia alama ya chaki. Mkono ukiangukia kwenye bomba la kutundikia taulo, hapo ndipo pa kufunga chuma cha kushikilia.

Bomba la taulo halishikiliwi! Limetengenezwa libebe taulo. Chuma cha kushikilia hufungwa kwenye ukuta imara, si kwenye kigae peke yake, na kinapaswa kuhimili uzito wote wa mtu anayeanguka, kilo 110 na zaidi. Kiwe na unene wa sentimita 3 hadi 4 ili vidole vikizunguke. Mazulia madogo yaondolewe kabisa. Kubandika pembe zake hakutoshi, tumelisema hili mara nyingi mno. Taa iweze kuwashwa akiwa bado kitandani.

Mlango upimeni ukiwa wazi, kuanzia uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili. Msituletee upana wa fremu. Kiti mwendo kinahitaji nafasi ya sentimita 80 kwa uchache. Mlango wa choo ufungukie nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaowazuia waokoaji.

Sasa taratibu. Kama mnaishi nyumba ya kupanga, ridhaa ya mwenye nyumba hutangulia, tena kwa maandishi. Itaje kila badiliko: vyuma vingapi, ukuta upi, mlango upi, na nani atarudisha hali ya awali mkihama. Ridhaa ya mdomo haisaidii mgogoro ukizuka. Mkitaka kubomoa au kupanua ukuta, fundi mwenye sifa athibitishe kwanza kama haubebi paa au sakafu ya juu, kisha muulizie kibali kwa mamlaka ya ujenzi ya mahali mlipo. Anayebomoa bila kibali panapotakiwa kibali anaweza kusimamishiwa ujenzi, kutozwa faini, hata kuamriwa aujenge ukuta upya kwa gharama zake. Hapo sisi hatuna uwezo wa kumtetea. Wapo wanaotujibu kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unawatosha. Ni kweli Ibara ya 9 inazungumzia ufikivu, na ya 19 kuishi kwa kujitegemea, nasi tunazisimamia kwa moyo wote. Hazifuti kibali cha ujenzi.

Kwa waliopata kiharusi nina ombi moja zaidi. Familia hutuambia, "Mkono wake wa kulia ndio mzima, fungeni chuma kulia." Tunafunga, anaingia chooni vizuri, kisha anageuka kutoka na chuma kinabaki upande wa mkono usioshika. Vyuma vinatakiwa kuta zote mbili. Siku ya ukaguzi mwacheni aingie na atoke, msimsaidie isipokuwa akiyumba.