Baburam Bhattarai, mtu wa mipango miji aliyeingia msituni

Sisi watu wa mipango miji hatuna desturi ya kuanzisha vita. Ugomvi wetu huishia kwenye kikao cha madiwani, mtu akigoma kuachia futi sita za ua wake. Ndiyo maana namfuatilia sana Baburam Bhattarai, Waziri Mkuu wa zamani wa Nepal: ni wa fani yetu hii hii, na alivuka mpaka ambao wengi wetu hatuugusi.

Alizaliwa 1954 katika wilaya ya vilima ya Gorkha. Mwaka 1970 akawa wa kwanza kitaifa katika mtihani wa kumaliza sekondari, sifa ambayo Wanepali hawajaisahau hadi leo. Akaenda India: usanifu majengo Chandigarh, kisha shahada ya uzamili ya mipango Delhi, na mwaka 1986 uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru.

Uzamivu huo ndio ufunguo. Mada yake ilikuwa umaskini wa Nepal na namna maeneo yake yanavyohusiana, yaani nani anamnyonya nani kwenye ramani. Vilima hupeleka vijana wao kufanya kazi India, tambarare za Tarai, kusini mpakani na India, hufungamana na soko la India, na mji mkuu Kathmandu umekaa juu ya wote. Wengi wetu tukishamaliza uchambuzi wa namna hiyo, tunaandika mapendekezo na kuyafungia kabatini.

Yeye mapendekezo yake aliyapeleka kwa Waziri Mkuu. Tarehe 4 Februari 1996, kwa niaba ya mrengo wake wa Wamao, yaani wakomunisti wanaofuata nadharia za Mao wa China, alimkabidhi Sher Bahadur Deuba madai 40. Mengi yalihusu ufalme, ardhi na mikataba na India. Lakini soma yale ya katikati: ubaguzi kati ya vilima na Tarai ukome, maeneo yaliyo nyuma yajitawale, vijiji na miji vitendewe sawa. Hapo siasa imevaa koti la mpanga mikoa. Makataa yalikuwa Februari 17; vita vikaanza tarehe 13. Hawakusubiri jibu, na hilo sijawahi kulipatia utetezi. Watu zaidi ya 13,000 walikufa katika miaka 10.

Huko huko msituni alikorofishana na mkuu wake, Prachanda, na mapema 2005 chama chake chenyewe kikamvua vyeo na kumweka chini ya ulinzi. Baadaye mwaka huo huo wakapatana, na msimamo aliokuwa akiupigania, wa kuungana na vyama vya bunge dhidi ya mfalme Gyanendra, ukawa msimamo wa chama. Amani ikatiwa saini Novemba 2006, ufalme ukafutwa Mei 2008.

Agosti 2008, waasi wa jana wakiwa sasa ndio serikali, akawa Waziri wa Fedha. Wafanyabiashara walitarajia kunyang'anywa mali. Walichokutana nacho ni mkusanya kodi. Aliwapa waliokuwa wameficha mapato nafasi ya kujitangaza wenyewe na kulipa kwa kiwango nafuu, akaibana idara ya kodi, na mapato ya serikali yakapanda kwa karibu theluthi moja ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake safi kuliko zote. Mei 2009 serikali ikaanguka kwa ugomvi wa kumfukuza mkuu wa majeshi.

Aliporudi Agosti 2011 kama Waziri Mkuu, aliacha magari ya kifahari akapanda Mustang, gari linalounganishwa Nepal. Picha zilipendeza. Kilichonigusa zaidi ni barabara za Kathmandu. Mipaka ya hifadhi ya barabara ilikuwa imetangazwa tangu miaka ya 1970, na watu wakajenga ndani yake bila kuulizwa. Yeye akaifufua, nyumba zikakatwa mbele kama mkate. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuamka akakuta X nyekundu ukutani hahitaji maelezo. Kitaalamu barabara zilihitajika. Kosa lilikuwa fidia: mtu mwenye hati halali hawezi kubomolewa sebule kisha aambiwe asubiri. Ajabu ni kwamba aliyefanya hivyo ndiye aliyeandika madai ya wanyonge.

Na ramani ndiyo iliyomkwamisha. Bunge la Katiba lenye wajumbe 601 lilishindwa kukubaliana majimbo yawe mangapi na yachorwe kwa misingi gani, likavunjika usiku wa Mei 27, 2012. Katiba ilipopatikana hatimaye, Septemba 20, 2015, ikiwa na majimbo 7, watu wa Tarai walikuwa barabarani wakiipinga na kuuawa. Siku 6 baadaye Bhattarai akajiuzulu chama alichokijenga.

Vyama alivyoanzisha baada ya hapo havikupata nguvu. Mwaka 2022 hakugombea. Kiti chake cha Gorkha alimwachia Prachanda, ambaye alishinda na Desemba hiyo hiyo akawa Waziri Mkuu kwa mara ya tatu.