Upana 10 wa Excel si milimita 10

Nimeletewa tena kazi ya lebo yenye maelekezo yaleyale: "Upana wa safuwima uwe 50, urefu wa safumlalo 25, itoke milimita 50 kwa 25." Haitoki hivyo! Ukiziandika namba hizo kwenye Excel, utapata seli yenye upana wa karibu milimita 94 na urefu usiofika 9. Karatasi za stika zinaharibika bure kwa sababu hii.

Urefu hauna shida, tuumalize. Hupimwa kwa pointi. Pointi 72 ni inchi moja, na inchi ni milimita 25.4. Milimita 25, basi, ni pointi 70.87.

Upana ndio unaonikera. Namba ile si milimita, si pointi, wala si pikseli. Ni hesabu ya tarakimu: upana 10 ni nafasi ya kuenea tarakimu 10 za fonti ya Normal, yaani staili ya msingi ya faili, pamoja na ukingo mdogo. Narudia, fonti ya Normal, si ile uliyoipaka kwenye seli yako. Kwa Calibri ya 11, kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi, tarakimu moja huchukua pikseli 7 na ukingo pikseli 5. Safuwima ambayo haijaguswa ina upana 8.43. Zidisha 8.43 kwa 7, ongeza 5: unapata 64, pikseli za safuwima hiyo. Badilisha fonti ya Normal, na safuwima zote zitabadilika upana huku namba ikikuangalia vilevile.

Kwa hiyo lebo ya milimita 50 ni pikseli 189. Toa 5, gawanya kwa 7, andika 26.29.

Wanaosoma faili kwa programu nyingine wana mtego wa ziada. Excel inakuonyesha 8.43, lakini ndani ya faili imeandikwa 9.140625, kwa kuwa pale ukingo umeshajumlishwa. Ukiichukua namba ya skrini na kuilinganisha na ya faili, utadhani programu yako ina kasoro, nawe utaanza kurekebisha kisichoharibika. Google Sheets nayo hupima kwa pikseli, LibreOffice kwa kipimo cha urefu kama sentimita. Usihamishe namba tupu kati yao.

Tena hesabu hizi zote ni za skrini. Kwenye karatasi siziamini, hata nikitumia mwonekano wa Page Layout unaokubali sentimita. Printa ina namna yake ya kupima fonti, na mpangilio wa kubana kazi ienee ukurasa mmoja hupunguza kila kitu kimyakimya. Nachapa karatasi moja ya kawaida, naweka rula, narekebisha kwa mkono, ndipo naweka stika.

Unayeniletea kazi, niandikie milimita, na uniambie fonti ya Normal ni ipi na ina ukubwa gani. Tarakimu na pointi nitazitafuta mwenyewe.