Moshi unavuta wewe, mtoto tumboni je? Maswali ya wajawazito wa Mombasa

Nakaa Changamwe, malori ya bandarini yanapita mlangoni. Mimba ni ya miezi mitano. Moshi huu unamfikia mtoto?

Unamfikia, dadangu. Ndani ya moshi mna chembe ndogo mno, chini ya mikroni 2.5, unywele wako ni mnene kuzishinda kama mara 30. Zikipita mapafuni huingia damuni. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walichunguza makondo ya nyuma wakakuta masizi upande ule ulioelekea mtoto. Isitoshe, moshi hudhoofisha kazi ya kondo lenyewe, na damu na chakula vikampungukia mtoto.

Nasikia moshi huu waweza kumletea mtoto kisukari na unene baadaye. Vinaingiaje hapo?

Mtoto aliyepunjwa tumboni, mwili wake huzoea kuweka akiba ya mafuta. Akizaliwa chini ya kilo 2.5 kisha akanenepa upesi, hatari ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kutofanya kazi vizuri ukubwani huongezeka, na hiyo ndiyo njia ya kisukari. Huko New York, watoto ambao mama zao walivuta zaidi kemikali za vitu vinavyoungua walionekana kuwa wanene kuliko wenzao walipofika miaka 5, na hata 7. Hatari imeongezeka tu. Haina maana wako lazima ataugua.

Sisi tunapikia gesi. Tumesalimika?

Bado. Nitazamie chetezo cha udi. Alhamisi jioni, dirisha limefungwa harufu isitoke, mama mjamzito ameinamia makaa akifukiza nguo za Ijumaa, macho yanamtoka machozi. Udi na ubani unaoungua hutoa chembe zilezile. Najua nyumba ya Mswahili bila udi haijakamilika, wala sikwambii uuache. Chetezo kitoke barazani, afukize mtu mwingine, nawe ukae mbali. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo vivyo hivyo. Lala ndani ya neti, maana malaria ni hatari kwako na kwa mtoto.

Na mwenye jiko la makaa tu?

Liwashe nje, na upikie nje ukiweza. Maharagwe yaroweke usiku kucha, yataiva upesi. Usiliingize chumbani kwa kuona makaa yamekuwa mekundu na hayafuki: gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, nayo huua.

Malori je?

Hayo huwezi kuyahamisha, lakini kitanda unaweza: lala chumba kisichotazama barabara. Na kliniki mweleze muuguzi unapoishi na unachopikia. Hataulizia asipoambiwa.